Jinsi ya kupanga jaribio la kemia shuleni bila kumuunguza mtu

Mwanafunzi anayefanya titresheni (kupima ukolezi wa asidi au alkali kwa kuidondoshea nyingine hadi zisawazishane) anashika asidi ya 0.1 M. M ni moli kwa lita, kipimo cha ukolezi. Ikimdondokea mkononi ataosha na kuendelea na kazi. Aliyeizimua asidi hiyo kwa maji jana yake ndiye aliyeshika chupa ya 12 M, mara nyingi jioni, peke yake, katika chumba cha maandalizi chenye dirisha moja. Na atakayemwaga mabaki ndiye atakayekutanisha vitu ambavyo hakuna aliyepanga vikutane. Mpango wa usalama unaohusu kipindi chenyewe tu umeacha nje sehemu mbili mbaya zaidi za kazi. Hapa tunaifuata kazi yote, kuanzia siku tatu kabla hadi ndoo ya taka, kwa mfano wa darasa la wanafunzi 45 wa kidato cha nne, katika maabara isiyo na kabati la kunyonya mvuke na yenye bomba ambalo maji yake hukatika bila taarifa.

Siku tatu kabla: karatasi moja

Igawe karatasi safu nne: kitu au kitendo, kinaweza kumdhuru nani na kwa njia gani, tutakizuiaje, kikitokea tufanye nini. Kila kemikali ipate mstari wake kwa ukolezi utakaotumika. Asidi ya hidrokloriki ya 12 M na ya 0.1 M ni mistari miwili, maana anayeishika ni mtu tofauti na madhara ni tofauti. Kisha andika vitendo: kupasha, kunyonya kwa pipeti (mrija wa kioo wa kupimia), kujaza bureti (mrija mrefu wa kioo wenye koki chini), kuongeza spiriti kwenye taa, kumwaga.

Safu ya tatu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Watu huandika "kuwa mwangalifu" au "vaa vifaa vya kujikinga", maneno ambayo hayampi mtu jambo la kufanya. Andika kitu kinachoweza kukaguliwa kwa macho: "mmumunyo kwenye testi tyubu usizidi kina cha sentimita 2", "spiriti inaongezwa na fundi maabara tu, taa ikiwa imezimwa na kupoa", "chupa ya asidi iliyokolea haiingii chumba cha wanafunzi". Mkuu wa idara akipita dirishani aweze kujua kama sharti linafuatwa au la.

Kabla ya kuandika miwani na glavu, jiulize kwa mpangilio huu: jaribio hili lina ulazima? Lengo lile lile linaweza kufikiwa kwa kemikali nyingine? Kwa kiasi kidogo zaidi? Kwa ukolezi mdogo zaidi? Mwalimu alionyeshe mbele, badala ya watu 45 kulifanya kwa wakati mmoja? Miwani inakuja baada ya hapo, kwa hatari iliyobaki.

Mfano wa hesabu inayoamua jambo

Chukua kupasha nitrati ya risasi, zoezi la zamani ambalo bado limo katika madaftari mengi ya vitendo. Tuseme kila mwanafunzi anapewa gramu 1. Uzito wa moli moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabu wingi wa kitu) ni gramu 331, na kila moli 2 zikivunjika hutoa moli 4 za nitrojeni dioksidi. Gramu 45 za darasa zima ni moli 0.136 za nitrati, yaani moli 0.27 za gesi. Moli moja ya gesi hujaza kama lita 24, kwa hiyo hizo ni lita 6.5. Maabara ya mita 10 kwa 7, kimo mita 3, ina lita 210,000 za hewa. Gawanya: sehemu 31 za gesi kwa kila sehemu milioni za hewa, ikiwa madirisha yamefungwa. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa wafanyakazi, kwa dakika 15, ni sehemu 1 kwa milioni.

Ubaya wa gesi hii ni kwamba anayeivuta anaweza kukohoa kidogo, akaona nafuu, akaenda bwenini, kisha mapafu yakaanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo karatasi yako haiwezi kusema "fungua madirisha" na kuishia hapo. Ukigawa darasa vikundi 15 na kila kikundi kikapewa gramu 0.2, bado unafika sehemu 2 kwa milioni hewa ikiwa imetulia. Mwalimu akifanya testi tyubu moja ya gramu 0.2 kando ya dirisha lililo wazi, upepo ukielekea nje, inabaki sehemu 0.14, na wanafunzi wanaona rangi ya kahawia na kusikia mchatuko ule ule. Uamuzi umekuja wenyewe kutoka kwenye hesabu. Tena risasi yenyewe ni sumu, kwa hiyo umepunguza taka kutoka gramu 45 hadi 0.2.

Fanya hesabu ya namna hii kwa kila jaribio linalotoa klorini, salfa dioksidi, amonia au hidrojeni salfaidi. Hii ya mwisho usiitegemee pua: inanuka mayai viza mwanzoni, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imeisha.

Jana yake: kuzimua

Anza na kiasi, kwa sababu kutengeneza kupita kiasi kunaongeza asidi iliyokolea unayoishika na taka utakayomwaga. Titresheni ya pipeti ya 25 cm³ ikirudiwa mara nne, moja ya makadirio na tatu za hesabu, ni 100 cm³. Kusuuza bureti na mabaki ya chini ya bika (gilasi ya maabara) kunafikisha 150. Wanafunzi 45 wanahitaji lita 6.75, andaa lita 8.

Lita 8 za asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M ni moli 0.8. Usiende kwenye chupa iliyokolea kila mara unapohitaji moli chache. Mara moja kwa muhula tengeneza akiba ya 2 M, kisha chukua 400 cm³ za akiba hiyo na kuongeza maji hadi lita 8. Akiba ya 2 M inasamehe makosa ambayo chupa ya 12 M haisamehi.

Kabla ya kupima, soma lebo ya chupa. Yenye asilimia 36 na msongamano wa 1.18 ni kama 11.6 M, na lita 1 ya akiba ya 2 M inataka 172 cm³. Yenye asilimia 32 ni kama 10.2 M, inataka 196 cm³. Wanaokariri namba moja kutoka kwenye daftari la mwaka jana hujikuta na titresheni isiyotoa jibu, wakamlaumu mwanafunzi.

Asidi ya salfuriki ndiyo inayotaka utulivu zaidi. Ya asilimia 98 ni kama 18 M, na lita 1 ya 2 M inataka 111 cm³. Utaratibu ni huu:

1. Wawe watu wazima wawili, mlango wazi, miwani ya kuzunguka jicho lote (ya kusomea haitoshi), glavu zisizotoboka, aproni, viatu vilivyofunika vidole.
2. Weka bika ya kioo chembamba ya lita 1 ndani ya beseni la maji baridi. Tia ndani yake 700 cm³ za maji yaliyosafishwa.
3. Pima asidi na uimimine ndani ya maji kidogo kidogo, 10 hadi 15 cm³ kwa mara, ikipitia ukutani mwa bika, huku ukikoroga kwa fimbo ya kioo.
4. Bika ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, simama. Badilisha maji ya beseni, subiri, endelea.
5. Ikipoa kabisa, ndipo uihamishie kwenye chupa ya lita 1 yenye alama shingoni na kujaza maji hadi alama.

Kila mtu anajua asidi huingia kwenye maji. Wachache hueleza sababu. Asidi hii ina karibu uzito mara mbili wa maji. Ukimimina maji juu yake yanaelea, joto lote linazaliwa kwenye utando mwembamba wa kukutania, maji yanachemka papo hapo na kuirusha asidi usoni. Ukigeuza mpangilio, asidi inazama na joto linasambaa kwenye maji yote. Silinda ya kupimia na chupa nene hazifai kuzimulia, kwa kuwa kioo kinene kikipata joto upande mmoja hupasuka.

Hidroksidi ya sodiamu nayo hupewa heshima ndogo kuliko inayostahili, labda kwa sababu haitoi mvuke. Kwa jicho, alkali kama hii ni mbaya kuliko asidi ya ukolezi ule ule: inaendelea kupenya ndani badala ya kujizuia juu. Lita 8 za 0.1 M ni gramu 32. Tia punje ndani ya maji kwa awamu ukikoroga, usizimwagie maji zikiwa zimejilaza chini ya chupa, maana hugandamana na kuchemka. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki ya maabara yenye kifuniko cha kuzungusha. Kizibo cha kioo hung'ang'ania, na anayekilazimisha hubaki na shingo ya chupa mkononi.

Amonia iliyokolea ina tabia yake katika miji ya joto kama Dar es Salaam au Mombasa. Chupa iliyokaa stoo mchana hujenga presha, na kifuniko kikifunguliwa haraka mvuke na matone hutoka kwa nguvu. Ipoze kwenye beseni la maji nusu saa, itoe nje kwenye hewa, funga kitambaa juu ya kifuniko, geuza uso, fungua polepole.

Lebo iandikwe kabla chupa haijajazwa: jina, ukolezi, tarehe, alama ya hatari, herufi za aliyetengeneza. Ibandike gundi ya uwazi juu yake, kwani tone moja la asidi hula wino. Na kamwe, hata kwa dakika tano, usiweke kemikali kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo ya kalamu.

Jaribu mwenyewe

Fanya jaribio lote mwanzo hadi mwisho kwa vifaa vile vile watakavyotumia wanafunzi, siyo vile vizuri vilivyofichwa kabatini. Hapo ndipo utagundua bureti namba 7 inavuja koki, kibanio kimelegea, mmumunyo wa kionyeshi (rangi inayoonyesha titresheni imefika mwisho) umeota ukungu. Pima muda. Ikiwa wewe umetumia dakika 35, wape wanafunzi mara mbili. Wanaokimbizwa na saa ndio wanaomwaga.

Kemikali ikikosekana, usibadilishe kwa kubahatisha. Pamanganeti ya potasiamu ikikutana na asidi ya hidrokloriki hutoa klorini. Ikikutana na asidi ya salfuriki iliyokolea hutengeneza mafuta ya kijani kibichi yanayolipuka. Asidi ya nitriki na spiriti pia ni ndoa mbaya. Ndiyo maana kupanga stoo kwa alfabeti ni kosa: asetoni inakaa bega kwa bega na asidi ya nitriki. Panga kwa kundi: asidi chini kwenye trei, alkali kabati jingine, vinavyowaka mbali na vinavyotoa oksijeni, asidi ya nitriki kwenye trei yake peke yake.

Asubuhi: chumba

Fungua bomba. Usitegemee kwamba jana maji yalitoka. Kuosha jicho kunataka maji yanayotiririka taratibu, kiasi cha lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15 hadi 20, yaani lita 22 hadi 30. Ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Weka mbili za kunawia mikono zenye koki, zilizojazwa maji safi leo, kwenye meza ya kimo cha kiuno, na beseni chini. Maji yasipokuwepo, kipindi kinaahirishwa. Hapa hatuoni nafasi ya kujadiliana.

Kwa moto, mtungi wa gesi ukae nje ya jengo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya. Jiko la mkaa halifai katika chumba kilichofungwa. Shule nyingi hutumia taa za spiriti, na balaa yake moja kubwa ni kuongeza spiriti taa ikiwa bado inawaka. Mwanga wa jua unaficha mwali wake kabisa. Mtu anadhani imezimika, anamimina, mvuke unashika, na moto unarudi hadi ndani ya chupa aliyoishika na kuwarukia walioko mbele. Kwa hiyo jaza taa zote asubuhi, nusu tu ya ujazo wake, na chupa kubwa ya spiriti irudi stoo kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Taa ikiisha, mwanafunzi anapewa nyingine iliyojazwa tayari.

Ndoo ya mchanga mkavu, blanketi la moto, kizima moto ambacho sindano yake iko kwenye kijani. Milango yote miwili isiwe na kufuli. Mikoba nje au chini ya meza, vigoda vimesukumwa ndani.

Miwani ikiwa 23 na wanafunzi ni 45, gawanya darasa mara mbili. Nusu inafanya vitendo, nusu inafanya hesabu za matokeo darasani, kisha wanabadilishana baada ya miwani kuoshwa kwa sabuni.

Wakati wa kipindi

Dakika tano za mwanzo zitumike kwa mambo matatu au manne ya jaribio hili tu. Kusoma kanuni zote ishirini za ukutani kunawalaza. Kwa titresheni, haya ndiyo yanayotosha:

Bureti ijazwe ikiwa chini ya usawa wa macho. Mwanafunzi mfupi hupanda kigoda au hunyanyua bika juu ya uso wake, na faneli ikijaa ghafla asidi inamshukia machoni. Teremsha stendi sakafuni, jaza, rudisha mezani, ondoa faneli.

Pipeti hainyonywi kwa mdomo, hata kwa mmumunyo wa magadi. Tumia kipira, au bomba la sindano la plastiki lililounganishwa kwa mrija mfupi wa mpira. Wakati wa kuchomeka kipira, lowesha ncha, shika pipeti karibu kabisa na ncha hiyo, zungusha taratibu. Anayeishika katikati na kusukuma huivunja, na kipande huingia kiganjani.

Kwenye uchambuzi wa chumvi, hatari ni testi tyubu yenye hidroksidi ya sodiamu ya 2 M inayopashwa ili kupata amonia. Mmumunyo huu huruka wote kwa mpigo mmoja. Kina kisizidi sentimita 2, tyubu ilazwe nyuzi 45, mwali uguse sehemu ya juu ya mmumunyo na siyo kitako, tyubu itikiswe muda wote, na mdomo uelekee ukutani. Panga wanafunzi wakae upande mmoja wa meza. Wakikabiliana, hakuna mwelekeo ulio salama. Kunusa ni kupeperushia mvuke puani kwa kiganja.

Hijabu na tai zichomekwe ndani, nywele ndefu zifungwe, ndala zibaki mlangoni na mwenye nazo apate kazi ya kuandika matokeo.

Kemikali ikimrukia mtu jichoni, usitafute siki wala magadi ya "kuua" kemikali. Yanaongeza joto na madhara. Maji mara moja, kope zikishikwa wazi, yakitiririka kutoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Mmoja anaosha, mwingine anatafuta usafiri, wa tatu ananakili jina na ukolezi kutoka kwenye lebo ili daktari aone. Kuosha kuendelee hata akisema maumivu yamekwisha. Mgawanyo huu wa watu watatu uandikwe kwa majina kwenye safu ya nne ya karatasi, siku tatu kabla.

Kumwaga

Mabaki ya titresheni ni maji ya chumvi kwa sehemu kubwa. Yakusanye kwenye ndoo moja, pima kwa karatasi ya litimasi (hugeuka nyekundu kwenye asidi), sawazisha kwa magadi soda hadi mapovu yaishe ikiwa bado ni asidi, kisha yamwage na maji mengi. Anayefanya usafi asimimine jiki kwenye sinki siku hiyo: jiki ikikutana na asidi inatoa klorini, ikikutana na amonia inatoa mvuke mwingine unaochoma mapafu. Mwambie mwenyewe, usitegemee tangazo la ukutani.

Mimumunyo ya risasi na shaba haiendi kwenye shimo. Weka ndoo yenye lebo tangu mwanzo wa kipindi, kwa sababu mwishoni kila mtu anakimbilia sinki. Ongeza kaboneti ya sodiamu mpaka mashapo mapya yasitokee, acha usiku kucha, chuja maji ya juu, na tope libaki kwenye chupa ya mdomo mpana iliyoandikwa kilichomo. Likifika kiasi cha kusumbua, Tanzania ulizia ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya tafuta mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kwa kidato cha tano na sita kuna kitendanishi cha Tollens, ile nitrati ya fedha katika amonia ya kupima aldihaidi. Kitengenezwe kwenye testi tyubu, kiasi cha kutumika saa hiyo tu. Kikiachwa kikakaa hutengeneza mchanga mweusi wa fedha unaoweza kulipuka kwa kuguswa. Mara kipindi kikiisha tia asidi ya nitriki iliyozimuliwa hadi litimasi igeuke nyekundu, kisha usuuze tyubu zote siku hiyo hiyo, pamoja na zile zilizopata kioo kizuri ambazo wanafunzi huomba wabaki nazo.